Shajara ya mradi: kadi za kitenzi cha Kijerumani lassen

## Jumatatu, 29 Januari 2024: Mradi unaanza

Juzi Jumamosi nilisuka. Nilikaa kwenye kiti cha dada mmoja wa Togo hapa Leipzig, Ujerumani, tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, nikalipa euro 90, nikarudi nyumbani kichwa kinavuta. Leo kwenye zamu ya asubuhi muuguzi mwenzangu aliziona nywele, akazisifu, nami nikamjibu, nikikusudia "nimesuka Jumamosi": *Ich habe mir am Samstag die Haare geflochten.* Akasimama na sinia la dawa mkononi. *Ganz allein? Auch hinten?* Peke yako? Hata nyuma?

Ilinichukua muda kuelewa anachoshangaa. Kwetu Tanga mtu akisema "nimesuka", hakuna anayedhani amejisuka. Tunasema nimeshona gauni, nimenyoa, nimepiga picha ya pasipoti, na kila msikilizaji anajua kuna fundi, kinyozi na mpiga picha. Hawatajwi kwa sababu wamo ndani ya desturi. Kijerumani kinataka mkono wa yule mwingine usikike, na neno linaloubeba ni moja: *lassen*. Nilitakiwa kusema *Ich habe mir die Haare flechten lassen.*

Niko mwaka wa pili wa mafunzo ya uuguzi, ambayo huku ni miaka 3, na mtihani wa lugha wa kiwango cha B2 nilishafaulu. *Lassen* nilifundishwa tangu kiwango cha kwanza, A1, kwamba maana yake ni "kuacha", nikakiweka kapuni nikaendelea na safari. Sasa nakirudia chote, kitenzi kimoja tu, mpaka nikitumie wodini bila kusita. Naandika shajara hii ili msemaji mwingine wa Kiswahili anayekuja kusoma au kufanya kazi huku aweze kuufuata mradi, au achukue kadi zangu zilivyo.

Vifaa: pakiti 2 za kadi ndogo za karatasi, kila moja kadi 100, euro 3.80 zote. Kisanduku chenye vyumba 5, euro 5.50. Utaratibu ni ule alioueleza Sebastian Leitner miaka ya 1970: kadi uliyoijibu sawasawa inasogea chumba cha mbele, uliyokosea inarudi cha kwanza hata kama ilishafika cha nne. Programu za simu zinazofanya hivyohivyo zipo, ila wodini simu haitoki mfukoni, na kadi inatoka.

## Jumapili, 4 Februari: Jaribio la kwanza, lassen ni acha

Niliandika kadi 30, Kijerumani mbele, Kiswahili nyuma, na kila nyuma nililazimisha kitenzi "acha" kiwemo. Mwanzoni nilifurahi sana, maana kuna mahali lugha hizi mbili zinatembea bega kwa bega:

*Lass das!* Acha!
*Lass mich!* Niache!
*Ich habe den Schlüssel zu Hause gelassen.* Ufunguo nimeuacha nyumbani.
*Lass ihn schlafen.* Mwache alale.

Hiyo ya mwisho ni nzuri kwetu. "Mwache alale" ina kuacha na kuruhusu kwa pamoja, na Kijerumani nacho hakitenganishi. Anayetoka kwenye lugha inayotenganisha kuacha na kuruhusu ana kazi ya ziada hapo. Sisi hatuna.

Jumatano jaribio likavunjika. Bibi mmoja alikuwa ametolewa mpira wa mkojo asubuhi. Mchana, kwenye makabidhiano ya zamu, muuguzi mkuu akasema: *Sie hat noch kein Wasser gelassen.* Nikatafsiri kichwani kwa kadi zangu: hajaacha maji. Nikaelewa amekunywa glasi yote, hakubakiza kitu. Kwenye karatasi yangu nikaandika kwamba anakunywa vizuri, na sikurudi kumwuliza. *Wasser lassen* ni kupata haja ndogo. Bibi alikuwa hajakojoa saa sita nzima, na hilo ndilo jambo la kwanza la kufuatilia baada ya mpira kutolewa. Muuguzi mkuu aliiona karatasi yangu dakika chache baadaye, akaenda mwenyewe, kibofu kikaangaliwa, na bibi akasaidiwa kabla hajaumia.

Sijalala vizuri usiku ule. Kadi ya *Wasser lassen* nimeiandika kwa kalamu nyekundu, na ndiyo kadi ninayomwomba kila atakayenakili kazi hii aianze nayo.

Fundisho la jaribio: neno moja kwa neno moja halifai kwa kitenzi hiki.

## Jumapili, 18 Februari: Jaribio la pili, kamusi nzima

Nikakimbilia upande wa pili. Nilifungua kamusi, nikaandika kadi moja kwa kila maana niliyoikuta, mpaka kadi zikafika 64. Wiki mbili nilizisoma kwenye tramu. Kadi nilizijua, lakini mdomo ulikuwa mzito kuliko mwanzo, kwa sababu kila nikitaka kusema nilikuwa natafuta ni maana namba ngapi. Saa 11 za kazi zimepotea. Sitaandika zaidi kuhusu jaribio hili, usilirudie.

## Jumamosi, 9 Machi: Jaribio la tatu, mkono ni wa nani

Nilitafuta mwalimu wa faragha, euro 20 kwa saa, nikamlipa saa 3. Nilimweleza kisa cha nywele na kisa cha maji. Hakuniletea orodha. Aliniambia niangalie mwisho wa sentensi: kuna kitenzi kingine pale, au hakuna?

Kama hakuna, *lassen* ni kuacha kwetu kwa kawaida: kitu kimebaki mahali, au mtu ameambiwa akome. Kama kuna kitenzi kingine, basi jiulize kazi ile inafanywa na mkono wa nani. Jibu huwa si wangu. *Ich lasse das Auto reparieren*: gari linatengenezwa, na mkono ni wa fundi. *Ich lasse ihn schlafen*: anayelala ni yeye.

Nilipotoka pale nilijiona mjanja, nikafikiri: basi *lassen* ni ile *-isha* yetu! Kula, kulisha. Kunywa, kunywesha. Nikaandika kadi 9 za namna hiyo usiku uleule. Zote nimezitupa. Angalia kadi moja tu: *Ich lasse Frau M. essen.* Niliandika nyuma "namlisha". Si kweli. Kulisha ni mimi nimeshika kijiko, na wodini Wajerumani wanasema *Ich reiche ihr das Essen an*, neno la heshima, kwa sababu *füttern* wanaliona la watoto wachanga na mifugo. *Ich lasse sie essen* ni namwacha ale, kijiko anacho yeye, mimi nasimama pembeni hata akichukua nusu saa. Kwa mgonjwa anayejifunza upya kutumia mkono baada ya kiharusi, tofauti hiyo ndiyo matibabu yenyewe. *-Isha* mara nyingi inauingiza mkono wangu kwenye kazi, na *lassen* inautoa. Zipo za kwetu zinazoutoa pia, kama "nimeshonesha gauni", na hizo zinalingana na *nähen lassen* moja kwa moja. Lakini usizifanye kanuni.

Kuna shimo jingine mwalimu alinionyesha. *Ich lasse den Patienten waschen.* Mimi nilikusudia "namwacha mgonjwa aoge mwenyewe". Mjerumani anasikia: nimeagiza mtu amwogeshe. Ukitaka aoge mwenyewe unaongeza *sich*: *Ich lasse ihn sich waschen*, au kwa urahisi zaidi, na ndivyo ninavyosema sasa, *Er wäscht sich selbst.*

Rekebisho la ingizo la Januari: niliandika kana kwamba Kijerumani hakimsahau fundi kamwe. Mwalimu amenisahihisha. Aliyejengewa nyumba huku naye husema *Wir haben gebaut*, tumejenga, na wengi wakitoka kwa kinyozi husema tu *Ich war beim Friseur*, nilikuwa kwa kinyozi. Kwa hiyo "mama amejenga" ina ndugu yake hapa. Nywele hazina.

Kadi: nimetupa 50, zikiwemo zile 9 za *-isha*, zimebaki 23, nimeandika mpya 19. Jumla 42.

## Jumapili, 24 Machi: Lässt sich, na -ika yetu

Hii ndiyo hatua iliyonifurahisha kuliko zote, na iliyomgharimu mgonjwa mmoja asubuhi nzima.

Chumba namba 6 kina dirisha bovu. Fundi wa jengo alipokuja aliniuliza shida nini, nikaanza: *Man kann... das Fenster... nicht geöffnet...* Akanimalizia: *Lässt sich nicht öffnen?* Nikasimama pale nikajirudia moyoni kwa Kiswahili: halifunguki. Halifunguki! Tunayo hii. Tunaitumia tangu utotoni bila kufundishwa.

Jioni ile niliandika kadi bila kunyanyua kalamu:

*Die Tür lässt sich nicht schließen.* Mlango haufungiki.
*Die Schrift lässt sich nicht lesen.* Mwandiko hausomeki.
*Die Schmerzen lassen sich aushalten.* Maumivu yanavumilika.
*Die Tablette lässt sich teilen.* Kidonge kinagawanyika.
*Das lässt sich machen.* Inawezekana, inafanyika.
*Er lässt sich nichts sagen.* Haambiliki.

Hiyo ya mwisho nilikuwa nimeitafuta Kijerumani chake miaka miwili. Mtu asiyeambilika, kila ukimshauri anageuza uso. Wanayo, na wameijenga karibu kama sisi.

Kadi zilifika 26 kwa siku mbili, na hapo ndipo nilipokosea mara mbili.

Kosa la kwanza ni dogo. Niliandika "kikombe kimevunjika" na mbele yake *Die Tasse hat sich brechen lassen*. Hakuna asemaye hivyo. Kikombe kikishavunjika, *ist kaputtgegangen* au *ist zerbrochen*, basi. *-Ika* yetu ina sura mbili: inaeleza jambo lililokwisha kutokea (kimevunjika, imechanika, imemwagika), na inaeleza uwezekano (hakivunjiki, hausomeki). *Lässt sich* ina sura ya pili tu. Kipimo nilichokipata, na hakijanidanganya hadi leo: badilisha sentensi iwe "-weza" pamoja na kutendwa. Dirisha halifunguki, dirisha haliwezi kufunguliwa. Imekubali, basi *lässt sich* inafaa. Chai imemwagika, chai inaweza kumwagwa. Maana imeharibika, basi weka kando. Kadi 6 zimetupwa.

Kosa la pili ni kubwa. Jumanne nilikuta kwenye maandishi ya usiku: *Herr K. lässt sich nicht waschen.* Nikasoma kwa *-ika*: haogesheki, haiwezekani kumwogesha. Nikafikiri ana kidonda kipya, au daktari amekataza maji. Sikuingia chumbani kwake na beseni. Nilipita mlangoni mara tatu nikiwahudumia wengine. Saa sita mchana ndiyo nikauliza katazo limeandikwa wapi, nikaambiwa hakuna katazo. Alikataa tu, saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu aliona baridi. Nikaingia, nikamwuliza kwa utaratibu, maji nikayachukua ya moto kidogo. Alisema *Na gut*, haya basi, akaogeshwa, akalala usingizi mzito. Mzee wa watu alikaa na shati la jana nusu siku nzima kwa sababu ya silabi mbili nilizozielewa vibaya.

Kanuni niliyoiandika baada ya hapo, kwa herufi kubwa ndani ya kifuniko cha kisanduku: kama mwenye sentensi ni kitu, *lässt sich* ni -ika, kama ni mtu, uliza kwanza ridhaa yake. *Sie lässt sich von ihrer Tochter waschen*: anakubali kuogeshwa na binti yake, mwingine hamtaki. *Er lässt sich kein Blut abnehmen*: hakubali kutolewa damu. Hata haambiliki ukiitazama vizuri ni suala la ridhaa: masikio anayo, anachokataa ni kuambiwa.

Kadi: 62.

## Jumapili, 14 Aprili: Ukoo wa lassen

Kitenzi hiki kina watoto wengi, na baadhi wanafanana sura hata mama yao angewachanganya. Nimeandika kadi 22. Nyingi zilikaa kichwani kwa wiki moja, kwa sababu na "acha" yetu ina ukoo wake: *überlassen* ni kuachia (nakuachia uamuzi), *loslassen* ni kuachilia, *hinterlassen* ni kuacha ujumbe au urithi. *Nachlassen* ni kupungua, na wodini utaisikia kila siku: *Die Schmerzen lassen nach.* Usiichanganye na yanavumilika ya mwezi uliopita. Yanayovumilika bado yapo palepale; yanayopungua yanaondoka.

Waliobaki kuwa shida ni watatu. *Verlassen*: kuondoka mahali, au kumwacha mtu. *Entlassen*: kumruhusu mgonjwa atoke hospitali, kumwachisha mtu kazi, au kumwachilia mfungwa. *Sich verlassen auf*: kumtegemea mtu. Huyu wa tatu ni *verlassen* yuleyule, umeongeza *sich* na *auf*, na maana imegeuka kinyume kabisa. *Er hat mich verlassen*, ameniacha. *Ich verlasse mich auf ihn*, namtegemea.

Niliandika kwenye rasimu ya ripoti *Frau S. wird morgen verlassen*. Nilitaka kusema ataruhusiwa kesho. Nimeandika kesho atatelekezwa. Aliyekuwa ananifundisha aliikuta kabla haijaingia kwenye kompyuta, akakaa nami akanionyesha mpaka nikaelewa. Dawa iliyonisaidia: *ent-* nimeifunga na kamba ya "toa", mtu anatolewa kifungoni, kitandani au kazini, na anayemtoa ana mamlaka. *Ver-* nimeifunga na mlango unaofungwa nyuma ya anayeondoka.

Angalia pia kwamba *verlassen*, *entlassen*, *überlassen* na *hinterlassen* hazichukui *ge-* zikiwa za wakati uliopita: *hat verlassen*, *wurde entlassen*. Zinazotenganika zinaichukua katikati: *nachgelassen*, *losgelassen*.

Jambo la pembeni la wiki hii: bibi mwenye zaidi ya miaka 80 aliacha kikaratasi mezani, *Bitte laßt das Fenster offen*, tafadhali liacheni dirisha wazi. Nikadhani kadi zangu zenye *lasst* nimezikosea, nikasahihisha tatu kwa kalamu. Hazikuwa na kosa. Maandishi ya Kijerumani yalirekebishwa kwa makubaliano ya mwaka 1996, na tangu hapo baada ya irabu fupi huandikwa *ss*: *lasst, lässt*. Irabu ndefu imebaki na *ß*: *ließ*. Wazee wanaandika walivyofundishwa. Nimezirudisha kadi zangu zilivyokuwa, na kikaratasi cha bibi nimekihifadhi kisandukuni.

Kadi: 84.

## Jumapili, 12 Mei: Lassen mwisho, bila ge-

Kosa la sarufi ambalo B2 haikuniondolea, nikitaka kusema nimetengenezesha simu yangu: *Ich habe mein Handy reparieren gelassen.* Masikio ya Mjerumani yanaumia. Kitenzi kingine kikiwepo, *gelassen* haisemwi. Vyote viwili vinabaki katika umbo la kamusi na *lassen* inakaa mwisho: *Ich habe mein Handy reparieren lassen.* *Lassen* ikiwa peke yake, *gelassen* inarudi: *Ich habe mein Handy im Bus gelassen*, simu nimeiacha kwenye basi. Kwa maneno kama *liegen* na *stehen* nimesikia zote mbili, *liegen lassen* na *liegen gelassen*, na mwalimu amesema zote zinakubalika.

Sentensi ya *weil* (kwa sababu) ndiyo ngumu kuliko zote: *weil ich mein Handy habe reparieren lassen.* Ile *habe* inatangulia, kinyume na kila nilichofundishwa kuhusu *weil*. Nilijaribu siku 10 kuikariri kwa kanuni, nikashindwa. Kilichofaulu ni kuisema kwa sauti nikipanda ngazi za nyumbani, neno kwa kila ngazi. Kuna njia ya kukwepa kwa atakayekwama kwenye mtihani: *weil ich mein Handy reparieren ließ.*

Kadi 10 mpya. Jumla 94.

## Jumapili, 2 Juni: Majaribio kwa mtu mwingine

Mwenzangu wa Mombasa, anayesomea kazi hiihii mwaka wa kwanza, alichukua kisanduku wiki tatu. Jana amekirudisha. Kati ya kadi 94, zilizofika chumba cha tano ni 71. Zilizobaki chumba cha kwanza karibu zote ni za *weil*.

Amenionyesha pengo nisilolijua. Kadi zangu zote zilikuwa za kazini, na yeye alitaka za watu. Akaniongezea maneno yake mwenyewe nyuma ya pakiti: *Lass mal, ich mach das schon*, acha tu, mimi nitafanya. *Lass uns gehen*, twende. Hapo Kiswahili hakihitaji neno lolote la ziada, "tu" ya mbele inatosha, na ukimwambia mkubwa ni *Lassen Sie uns gehen*. *Lass dir Zeit*, usiwe na haraka. Na moja iliyonipiga moyoni, *Lass mal von dir hören*. Nilikuwa nimeitafsiri "acha kusikike kutoka kwako", nikaiona haina ladha nikaitupa. Yeye ameandika nyuma: "Usipotee."

Hesabu hadi leo: kadi euro 3.80, kisanduku euro 5.50, mwalimu euro 60, jumla euro 69.30. Muda takriban saa 58, zikiwemo zile 11 za jaribio la pili. Kadi zilizoandikwa ni 150, zilizobaki na kazi ni 94, pamoja na 4 za mwenzangu ni 98. Kadi tupu zimebaki 46.

Atakayenakili aanze hivi: *Wasser lassen* ya wino mwekundu, kisha kadi za kipimo cha mkono, kisha *lässt sich* za vitu, na za watu baada ya wiki moja, zisichanganywe kabla ya hapo. Ukoo uje baadaye. *Weil* iwe ya mwisho, na ngazi ziwepo karibu.

Wiki ijayo naanza kadi za *lassen* pamoja na *können* na *müssen*, kwa sababu jana bibi wa chumba namba 6 aliniuliza *muss man sich hier immer wecken lassen*, yaani kama hapa ni lazima mtu akubali kuamshwa kila mara, na ilibidi anirudie mara mbili.